Soka la Marekani na Utandawazi: Mpira Unavuka Mipaka, na Watu Je?

Lipo neno moja tunalolitumia kila siku pasipo kufikiri kwamba Wamarekani nao wanalo. Neno hilo ni soka. Waingereza wengi huwacheka Wamarekani kwa kuuita mpira wa miguu "soccer", wakidhani ni neno lililobuniwa ng'ambo ya Atlantiki. Kumbe lilizaliwa Uingereza kwenyewe. Mwaka 1863 vilabu vya London viliunda chama cha kusimamia mchezo huu na kuandika kanuni zake, na mchezo ukaitwa mpira wa chama ili usichanganywe na raga. Wanafunzi wa vyuo vya Kiingereza, hasa Oxford, walikuwa na mtindo wa kukata maneno na kuyatilia mkia mpya. Raga wakaiita "rugger", na kutoka neno "association", yaani chama, wakapata "soccer". Baadaye Waingereza wakaliacha, Wamarekani wakabaki nalo, nasi tukalipokea na kulivalisha vazi la Kiswahili.

Safari ya neno hili dogo inatuonyesha maana ya utandawazi. Kwa neno utandawazi tunamaanisha hali ya watu, bidhaa, fedha, habari na mila kuvuka mipaka ya nchi kwa wingi na kwa kasi, hata uamuzi unaofanywa katika mji mmoja ukagusa maisha ya watu wa bara jingine. Kijana anayelipia kiingilio katika kibanda umiza huko Sumbawanga ili atazame mechi ya Uingereza yumo ndani ya utandawazi, hata kama neno lenyewe hajawahi kulisikia.

Katika makala hii tunaitazama nchi iliyokaa muda mrefu nje ya karamu hiyo ya dunia, nayo ni Marekani. Tutaeleza kwa nini ilichelewa, ni nini kilichoibadilisha, na mabadiliko hayo yanatufundisha nini juu ya utandawazi wenyewe. Tunaandika tukiwafikiria waseminari ambao kesho watakabidhiwa vijana maparokiani, na wazazi ambao watoto wao wanaota kucheza mpira ng'ambo.

Kwa nini Wamarekani walichelewa

Si kweli kwamba Wamarekani hawakuujua mpira. Mwishoni mwa karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya nguo kutoka Lancashire, Uingereza, waliupeleka Fall River katika jimbo la Massachusetts. Waskoti waliofanya kazi katika viwanda vya nyuzi waliupanda Kearny, New Jersey. Huko Pennsylvania timu ya kiwanda cha chuma cha Bethlehem ilitwaa kombe la taifa mara tano kati ya 1915 na 1926. Na Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uruguay mwaka 1930, Marekani ilifika nusu fainali. Mchezaji wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya Kombe la Dunia alikuwa Mmarekani, Bert Patenaude, mzaliwa wa Fall River.

Kwa nini basi mchezo huu haukuota mizizi? Sababu moja ilitoka vyuoni. Mwaka 1874 wanafunzi wa Harvard walicheza na wenzao wa McGill kutoka Montreal, Kanada, kwa kanuni za kushika mpira kama raga. Wakazipenda, na vyuo vingine vikafuata. Kutoka hapo Wamarekani wakajitengenezea futiboli yao ya mpira wenye umbo la yai, ile inayochezwa kwa kofia ngumu na mabega yaliyokingwa. Nafasi ambayo katika nchi nyingine ilijazwa na soka, kwao ikawa imeshajazwa.

Sababu nyingine ilikuwa besiboli. Mchezo huo ulihesabiwa kuwa ndio mchezo wa taifa, na mtoto wa mhamiaji aliyetaka kuonekana Mmarekani kamili alishika rungu la besiboli. Kuendelea kucheza soka ilikuwa kama kuendelea kuzungumza lugha ya baba yake mbele ya watu. Soka likabaki mchezo wa wageni.

Tena viongozi wa soka wenyewe waligombana. Mwaka 1928 ligi ya kulipwa na shirikisho la taifa walifarakana juu ya nani mwenye mamlaka, na kabla jeraha halijapona ukaja mtikisiko wa uchumi wa 1929. Viwanda vilivyolipa mishahara ya wachezaji vikafungwa au vikapunguza matumizi. Wahenga walisema, fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Nyasi za soka la Marekani zilichukua zaidi ya nusu karne kuota tena.

Parokia za St. Louis na bao la Mhaiti

Hata hivyo kuna miji ambako mchezo haukufa, na mmoja wao unatuhusu kwa karibu. Mji wa St. Louis, Missouri, ulipokea wahamiaji wengi Wakatoliki, Waairishi, Wajerumani na Waitaliano. Parokia zao zilikuwa na viwanja, na vijana walicheza ligi za kiparokia kizazi baada ya kizazi. Chuo Kikuu cha Saint Louis, kinachoongozwa na Wajesuiti, kilivuna matunda ya mbegu hiyo: kati ya 1959 na 1973 kilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10.

Vijana wa parokia hizo ndio walioshika uti wa mgongo wa timu iliyoishangaza dunia. Tarehe 29 Juni 1950, mjini Belo Horizonte, Brazili, Marekani iliifunga Uingereza 1-0 katika Kombe la Dunia. Watano kati ya wachezaji 11 walioanza walitoka St. Louis. Mlinda mlango Frank Borghi alikuwa dereva wa gari la kubebea maiti. Mwenzao Walter Bahr alikuwa mwalimu wa shule. Watatu hata uraia wa Marekani hawakuwa nao: nahodha wa siku hiyo, Ed McIlvenny, alikuwa Mskoti, Joe Maca alikuwa Mbelgiji, na mfungaji wa bao lenyewe, Joe Gaetjens, alikuwa Mhaiti aliyekuja New York kusoma na kujikimu kwa kuosha vyombo mgahawani. Kanuni za wakati ule ziliwaruhusu kucheza kwa sababu walikuwa wametangaza nia ya kuwa raia.

Nyumbani karibu hakuna aliyetambua ukubwa wa jambo hilo. Gaetjens alirudi Haiti. Mwaka 1964, chini ya utawala wa François Duvalier, alikamatwa na hakuonekana tena. Timu ya taifa ya Marekani nayo haikurudi Kombe la Dunia hadi 1990.

Tunamtaja Gaetjens kwa makusudi, kwa kuwa katika mtu mmoja tunaona pande mbili za habari yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ushindi mkubwa kuliko wote wa timu ya wanaume ya Marekani katika miaka ile uliletwa na mgeni muosha vyombo. Lakini mgeni yule, aliporudi kwao, hakuwa na mtu wa kumlinda.

Fedha peke yake haikutosha

Wamarekani walijaribu kulifufua soka kwa njia wanayoijua vizuri, yaani biashara. Ligi iliyoanza 1968 ilipata umaarufu mkubwa pale klabu ya Cosmos ya New York ilipomsajili Pelé mwaka 1975, kisha Giorgio Chinaglia na Franz Beckenbauer. Agosti 1977 watu 77,691 walijaa uwanjani New Jersey kuitazama Cosmos. Ilionekana kama kazi imekwisha.

Haikuwa hivyo. Vilabu viliongezwa harakaharaka, vingine vikashindana kulipa nyota waliokaribia kustaafu bila kulea vijana wa kuwarithi, na watazamaji wa klabu nyingi hawakutosha kulipa gharama. Msimu wa mwisho ulichezwa 1984. Ulikuwa mti mkubwa uliopandwa kwenye chungu.

Mwaka 1988 FIFA iliipa Marekani uenyeji wa Kombe la Dunia la 1994, kwa ahadi kwamba ligi mpya ya kulipwa itaanzishwa. Wengi Ulaya walibeza, wakasema viwanja vitakuwa vitupu. Matokeo yake, watu 3,587,538 waliingia viwanjani katika mechi 52. Hata fainali za Qatar za 2022, zilizokuwa na mechi 64, hazikuifikia idadi hiyo.

Ligi iliyoahidiwa, MLS, ilianza 1996 ikiwa na timu 10. Ilipata hasara miaka mingi, na mwanzoni mwa 2002 timu mbili zilifungwa. Kilichoiokoa ni uvumilivu. Matajiri wachache walikubali kubeba hasara, mishahara ikawekewa kikomo, na vilabu vikaanza kujenga viwanja vyao vya ukubwa wa kadiri. Wa kwanza ulijengwa Columbus, Ohio, mwaka 1999. Nyota walikuja baadaye, David Beckham mwaka 2007 na Lionel Messi mwaka 2023, wakati nyumba ya kuwapokea ilikuwa imeshasimama. Leo ligi ina timu 30 Marekani na Kanada. Timu ya 30, San Diego, ililipa dola milioni 500 ili kuingia tu. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 11 walihudhuria mechi za msimu wa kawaida.

Wanawake walitangulia

Tukiishia kwa wanaume tutakuwa tumesimulia nusu ya habari. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana nafasi za michezo. Soka lilifaa sana: halihitaji vifaa vingi, timu moja huchukua wachezaji wengi, na kwa kuwa halikuwa mchezo wa kifahari wa wanaume, hakukuwa na aliyeling'ang'ania.

Matunda yalikuja upesi. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, lililochezwa China mwaka 1991, lilikwenda Marekani. Fainali ya 1999 huko Pasadena, California, ilitazamwa na watu 90,185 uwanjani, Marekani ikaishinda China kwa mikwaju ya penalti. Walitwaa tena 2015 na 2019. Mwaka 2022, baada ya kesi ndefu kuhusu malipo, shirikisho lao lilikubali kuwalipa wachezaji hao dola milioni 24 na kusaini mikataba ya malipo sawa kwa timu za wanaume na wanawake.

Leo ligi yao ya wanawake inawavuta pia mabinti wa Afrika. Temwa Chawinga wa Malawi alichaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo mwaka 2024 akiwa Kansas City. Mwaka huohuo Barbra Banda wa Zambia alifunga bao pekee la fainali, Orlando ikawa bingwa. Wazazi wanaodhani mpira wa binti ni upotevu wa muda wayatafakari majina haya mawili.

Je, kweli wanaupenda?

Hapa inafaa tuwe wakweli. Kampuni ya Gallup huwauliza Wamarekani ni mchezo gani wanaopenda zaidi kuutazama. Mwaka 2017 asilimia 7 walitaja soka, na mwishoni mwa 2023 walikuwa asilimia 5, wakati futiboli yao ilitajwa na asilimia 41. Kwa kipimo hicho soka bado liko mbali nyuma ya futiboli. Hata Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, anajulikana kuwa mshabiki wa timu ya besiboli ya White Sox.

Je, takwimu hizi zinapingana na viwanja vinavyojaa? Hapana. Zinatuonyesha namna utandawazi unavyofanya kazi. Mtu haachi cha kwao ili apokee cha dunia. Anaongeza. Mmarekani anaweza kutazama Ligi Kuu ya Uingereza Jumamosi asubuhi na futiboli yake Jumapili mchana, wala asione mgongano wowote. Nasi tunalijua hilo, kwani wangapi kwetu ni Yanga au Simba nyumbani, kisha ni Arsenal au Liverpool kwenye kibanda umiza?

Ongezeko hilo lina mizizi miwili. Mmoja ni wahamiaji. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ilifuta mgao wa zamani uliowapendelea watu wa Ulaya, na sura ya nchi ikabadilika. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wenye asili ya Amerika ya Kilatini, karibu mmoja kati ya kila watu watano. Hao hawakuhitaji kufundishwa kupenda mpira. Mzizi wa pili ni runinga na mtandao. Kituo cha NBC kilianza kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza 2013, na mkataba wake wa tatu, wa miaka sita, uligharimu dola bilioni 2.7. Kampuni ya Apple nayo ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kwa miaka 10 ili kuionyesha MLS duniani.

Mwandishi wa Kimarekani Franklin Foer alitoa mwaka 2004 kitabu kinachoutumia mpira kuueleza utandawazi. Aliona kwamba mpira wa kimataifa haukuua fahari ya mtaa, ukoo na taifa, na wakati mwingine uliichochea. Kuhusu nchi yake alionyesha kwamba ubishi juu ya soka ulikuwa kwa kweli ubishi kati ya wanaoukaribisha ulimwengu na wanaouogopa. Miaka zaidi ya 20 imepita, na ubishi huo haujaisha.

Marekani nayo yaununua mpira

Utandawazi hauendi upande mmoja. Wakati mpira unaingia Marekani, fedha za Marekani zinaingia kwenye mpira. Familia ya Glazer iliichukua Manchester United mwaka 2005, kwa sehemu kubwa kwa mikopo iliyobebeshwa klabu yenyewe. Liverpool ilinunuliwa na Wamarekani 2010. Arsenal iliingia yote mikononi mwa Stan Kroenke 2018, Chelsea ikanunuliwa na kundi lililoongozwa na Todd Boehly 2022, na Everton ikafuata 2024.

Pamoja na fedha huja mawazo. Katika ligi za Marekani hakuna kushuka daraja. Timu ni kama duka lenye leseni ya kudumu, na hata ikishika mkia, mwakani itakuwa palepale. Sisi tumezoea ligi ambamo anayefanya vibaya anashuka na kijiji kidogo kinaweza kupanda. Aprili 2021 vilabu 12 vikubwa vya Ulaya, vikiwemo Manchester United, Liverpool na Arsenal, vilitangaza ligi yao ambamo waanzilishi wasingeshuka kamwe, kwa mkopo wa benki ya Kimarekani ya JPMorgan. Mashabiki wa Uingereza waliandamana, na ndani ya siku mbili vilabu vyote sita vya Uingereza vilijitoa.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa na kila anayesema kwamba utandawazi ni mafuriko yasiyozuilika. Watu wa kawaida walisimama nje ya viwanja vyao wakasema hapana, na mabilioni yakarudi nyuma.

Mpira unavuka, watu je?

Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Caritas in veritate wa mwaka 2009, alitofautisha kati ya kufanywa majirani na kuwa ndugu. Dunia inaweza kutusogeza karibu bila kutuunganisha moyo. Tofauti hiyo inatusaidia kuupima mpira wa leo.

Tuanze na mpira wenyewe, ule wa ngozi. Sehemu kubwa ya mipira inayoshonwa kwa mkono hutoka Sialkot, Pakistani. Mwaka 1996 jarida la Life la Marekani lilionyesha watoto wakiishona kwa ujira duni, wakati watoto wa Marekani waliipiga teke kwenye nyasi safi. Wateja walishtuka. Februari 1997, mjini Atlanta, wafanyabiashara wa Sialkot, Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walitia saini makubaliano ya kuwaondoa watoto katika kazi hiyo. Soko lilelile lililoficha jasho la mtoto ndilo lililolifichua, baada ya watu kuuliza.

Kisha tuwatazame watoto wa wakimbizi. Clarkston, mji mdogo wa Georgia, ulipokea familia kutoka Kongo, Burundi, Sudan, Liberia, Afghanistani na kwingineko. Mwaka 2004 Luma Mufleh, mwanamke kutoka Yordani, aliona watoto wakicheza peku kwenye maegesho ya magari, akawaundia timu. Uongozi wa mji ulifika mahali pa kuwazuia kutumia uwanja wa umma, ukitaka ubaki wa besiboli na futiboli. Timu ilidumu, na baadaye ikazaa shule.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Bernard Kamungo. Alizaliwa 2002 Kasulu, mkoani Kigoma, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako mpira ulikuwa wa matambara. Mwaka 2016 familia yake ilihamishiwa Abilene, Texas. Mwaka 2021 alienda kwenye majaribio ya wazi baada ya kaka yake kumwandikisha, akachukuliwa. Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi akiichezea Dallas, na Januari 2024 alivaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani. Kabla yake Nizar Khalfan wa Taifa Stars alikuwa amecheza MLS akiwa Vancouver mwaka 2011. Milango ipo, basi.

Lakini ni myembamba. Nchini Marekani kwenyewe, mtoto anayetaka kufundishwa vizuri hujiunga na klabu inayotoza maelfu ya dola kwa mwaka, hivyo mtoto wa mfagizi na wa mvuna matunda hubaki kando, ingawa yeye ndiye mwenye mpira damuni. Kwetu, mawakala wa uongo hupita wakiwaahidi wazazi klabu ng'ambo, wakachukua fedha ya shamba au ng'ombe, kisha wakatoweka au wakamtelekeza kijana mji wa ugenini. Kila mzazi ajue kanuni hii: FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Anayeahidi kumpeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya au Marekani kwa "mkataba" aulizwe maswali mengi kabla ya kupewa hata senti.

Kombe la Dunia la 2026 limeyaweka haya yote mezani. Marekani, Kanada na Meksiko walipewa uenyeji Juni 2018 kwa kura 134 dhidi ya 65 za Moroko. Timu ni 48, mechi 104, miji 16. Haiti, nchi ya Gaetjens, ilifuzu Novemba 2025 kwa mara ya kwanza tangu 1974. Lakini amri ya Rais wa Marekani ya Juni 2025 iliwazuia raia wa nchi 12 kuingia, Haiti ikiwemo, na kuwawekea masharti raia wa nchi nyingine saba, Burundi ikiwa mojawapo. Wanamichezo wa Kombe la Dunia walisamehewa. Mashabiki wa kawaida hawakusamehewa. Bei za tiketi zilizotangazwa Septemba 2025 zilianzia dola 60 na kufika dola 6,730 kwa fainali, zikiwa na uwezekano wa kupanda kadiri wanunuzi wanavyoongezeka. Baada ya malalamiko, FIFA ilitenga tiketi chache za dola 60 kwa kila mechi.

Miguu ya Mhaiti inakaribishwa, basi, kwa kuwa inaleta watazamaji. Shabiki wa kawaida wa Haiti, akiomba viza ili amtazame, hana uhakika. Utandawazi wa namna hiyo umetufanya majirani bila kutufikisha kwenye undugu.

Tujifunze nini

Huko Roma, tangu 2007, waseminari na mapadre wanaosoma katika vyuo vya Kipapa hushindania kombe lao linaloitwa Clericus Cup. Waamuzi wana kadi ya bluu, inayomtoa mchezaji kwa dakika tano akatulize hasira. Chuo cha Amerika ya Kaskazini, kutoka nchi iliyodhaniwa haijui mpira, kilitwaa kombe 2012 na 2013. Collegio Urbano, kinachopokea wanafunzi wengi kutoka Afrika na Asia, nacho kimelitwaa zaidi ya mara moja. Ndani ya uwanja ule Mmarekani na Mwafrika hukutana bila viza ya ziada na bila tiketi ya dola elfu.

Tusiidharau ligi ya parokia, basi. St. Louis inatuonyesha kwamba viwanja vya parokia na walezi waliojitolea vilifanya kile ambacho mamilioni ya Cosmos hayakuweza. Mseminari anayekwenda kufanya uchungaji wakati wa likizo, akikuta vijana wanacheza jioni, asipite tu akiwapungia mkono. Aulize ni nani anayewafundisha, kama wasichana wana siku yao uwanjani, kama mtoto wa familia ya wakimbizi au wahamiaji wa kijiji kile amepangwa kwenye timu au anatumwa tu kuokota mipira. Na akisikia kwamba kuna mtu anakusanya fedha za wazazi kwa ajili ya "majaribio ng'ambo", aende kwa wazazi hao siku hiyohiyo.